Nyiragongo, Mei 2021: mlima uliopasuka kwanza, ukatetemeka baadaye

Jioni ya Jumamosi, 22 Mei 2021, wakazi wa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, waliona anga la kaskazini likiwa jekundu. Wekundu peke yake haukuwa jambo geni kwao, kwa sababu kileleni mwa volkeno ya Nyiragongo kulikuwa na ziwa la lava lililochemka tangu 2002, na mng'ao wake usiku ulikuwa umezoeleka kama taa ya jirani asiyelala. Safari hii, hata hivyo, wekundu ulikuwa chini mno, ubavuni mwa mlima, na ulikuwa unasogea. Watu hawakungoja tangazo. Wengi walishika barabara ya kwenda mpaka wa Rwanda wakiwa na magodoro vichwani na watoto migongoni, wengine wakaelekea magharibi upande wa Sake. Lava ilitiririka kwa muda wa saa sita hivi, ikakata barabara kuu inayotoka Goma kwenda Rutshuru, ikameza nyumba kwa mamia, kisha ikasimama Buhene, kwenye ukingo wa kaskazini wa mji, si mbali na uwanja wa ndege. Kulipokucha, ukuta mweusi wa mawe ulikuwa bado unafuka moshi, na watu walianza kurudi wakiamini kwamba mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Kwa maoni yangu, kinachokifanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa kwa makini si lava ya usiku ule bali ni siku zilizofuata, ambapo sehemu kubwa zaidi ya tukio ilipita chini ya miguu ya watu bila kuonekana. Utaratibu uliozoeleka katika elimu ya volkeno ni kwamba magma, yaani mawe yaliyoyeyuka yakiwa bado chini ya ardhi, husukuma kutoka kina kirefu, ardhi hutetemeka na kuvimba, gesi hubadilika, na mwishowe lava hutoka. Nyiragongo iliupindua utaratibu huo: lava ilitoka kwanza, na mitetemeko mikubwa ikaja nyuma yake.

Ili kuelewa jinsi jambo hilo lilivyowezekana, ni lazima kuanza na umbo la mlima na aina ya mawe yake. Nyiragongo ina kimo cha mita 3,470 na iko umbali wa kilomita 20 hivi kaskazini mwa Ziwa Kivu, katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, mahali ambapo gamba la dunia linavutwa pande mbili na kuwa jembamba. Ni mmoja wa milima minane ya Virunga, ambayo kuinuka kwake kuliziba njia ya zamani ya maji kuelekea kaskazini, hata Kivu ikalazimika kumwaga maji yake kusini kupitia mto Ruzizi hadi Tanganyika. Kati ya minane hiyo, ni Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira tu ambazo bado ni hai kwa maana ya kila siku. Nyamulagira ni mlima uliojitandaza, mpana na wenye miteremko ya polepole. Nyiragongo imesimama wima, kwa kuwa ni volkeno ya matabaka, iliyojengwa kwa kupandanisha lava juu ya majivu na majivu juu ya lava kwa maelfu ya miaka, huku mabaki ya volkeno mbili za kale, Baruta upande wa kaskazini na Shaheru upande wa kusini, yakiwa yameegemea mbavu zake.

Hapo ndipo penye ajabu ya mlima huu. Volkeno zenye miteremko mikali kwa kawaida hutoa lava nzito inayotembea kwa shida. Nyiragongo hutoa kinyume chake. Mawe yake ni ya aina ya nefelinaiti yenye melilaiti, yenye silika kidogo mno, chini ya asilimia 40, na yenye sodiamu, potasiamu na kalsiamu kwa wingi. Baadhi ya madini yaliyomo ni adimu kiasi kwamba wanasayansi waliyaelezea kwa mara ya kwanza kutokana na vipande vilivyookotwa hapa hapa. Silika ndiyo huipa lava unene wake, kama unga unavyoupa uji. Ikipungua, kinachobaki ni kimiminika chepesi kinachokimbia. Kwa hiyo tuna mlima mwembamba na mrefu, wenye kreta ya kipenyo cha kilomita moja na zaidi kidogo, na ndani ya kreta hiyo kimiminika chepesi chenye joto kali kikiwa kimeinuliwa juu kabisa ya mji. Mimi huufikiria kama tangi la maji lililojengwa juu ya mnara, isipokuwa kwamba kuta za tangi hili ni mawe yaliyopandana, na kilichomo ndani huzidhoofisha mwaka hadi mwaka kwa joto na kwa uzito wake.

Tangi hilo lilikuwa limekwisha kupasuka mara mbili katika kumbukumbu za watu wanaoishi leo. Mara ya kwanza ilikuwa 10 Januari 1977. Ziwa la lava, ambalo mwanavolkeno Haroun Tazieff alilitambulisha kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 1948, lilikuwa limepanda hadi karibu na ukingo wa kreta. Nyufa zilifunguka ubavuni, na ziwa lote likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Kwenye miteremko ya juu lava ilikimbia kwa kasi ambayo mtu hawezi kushindana nayo kwa miguu, tena ikiwa nyembamba kiasi kwamba ilipita na kuacha vigogo vya miti vikiwa vimevikwa maganda ya mawe. Kundi la tembo lilikutwa njiani likafunikwa, na baadaye mashimo yenye umbo la miili yao yalibaki ndani ya mwamba. Makadirio ya watu waliokufa yanatofautiana sana, kuanzia makumi kadhaa hadi mamia, kwa sababu vijiji vilivyopotea havikuwa na hesabu ya kuaminika.

Mara ya pili ilikuwa 17 Januari 2002, na tofauti yake na ile ya kwanza ina uzito mkubwa katika uchambuzi huu. Safari hiyo nyufa hazikukomea ubavuni. Zilianzia maeneo ya Shaheru asubuhi, zikateremka kusini kilomita baada ya kilomita, hadi zikafunguka Munigi, mlangoni mwa mji. Lava ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege, ikateketeza asilimia 13 hivi ya mji pamoja na kitovu chake cha biashara na kanisa kuu la Kikatoliki, kisha ikaingia Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu walikimbia na watu 120,000 hivi walipoteza makazi. Siku chache baadaye, wakati lava ikiwa bado na moto, kituo cha mafuta kililipuka na kuua makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta. Ardhi nayo iliendelea kutetemeka kwa siku nyingi, na ufuo wa ziwa ukazama kwa makumi ya sentimita. Maana yake ni kwamba magma haikutoka kileleni peke yake. Ilikuwa imejipenyeza pia chini ya mji.

Jambo jingine la 2002 ni kwamba mlima ulitoa dalili. Mitetemeko ilikuwa imeongezeka kwa miezi kadhaa, na mwanavolkeno Mkongo Dieudonné Wafula aliisoma na kuonya, ingawa katika nchi iliyogawanyika kwa vita vipima-mitetemeko vilivyokuwa vikifanya kazi vilikuwa viwili tu, na masikio ya kumsikiliza yalikuwa machache. Kejeli ya historia ni kwamba mwaka 2021 hali iligeuka juu chini. Kwa miaka kadhaa, mtandao mzuri wa vituo vya kupima mitetemeko na mwendo wa ardhi ulikuwa umejengwa kuzunguka Virunga, kwa ushirikiano wa Kituo cha Uangalizi wa Volkeno cha Goma na taasisi za nje, ikiwemo Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati ya Tervuren nchini Ubelgiji. Vifaa vilikuwepo. Dalili ndizo hazikuwepo.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu mjadala wa hadharani ulielekea kwingine. Mara tu baada ya mlipuko, lawama nyingi zilikiangukia kituo cha uangalizi na waliokuwa wakikifadhili. Ni kweli kwamba mradi uliokuwa ukikisaidia kwa fedha za Benki ya Dunia ulifika mwisho mwaka 2020, na ni kweli kwamba kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata intaneti ya kupokelea data kutoka kwenye vituo vya mlimani. Huo ni upungufu mkubwa, na anayeutetea hana hoja. Lakini kusema kwamba fedha zingeleta onyo ni kuruka hatua. Wanasayansi waliporudi kuchunguza rekodi zote baada ya tukio, zikiwemo zile zilizokuwa zimehifadhiwa ndani ya vifaa vyenyewe, pamoja na picha za setilaiti zinazopima jinsi ardhi inavyoinuka na kushuka, hawakukuta dalili dhahiri iliyotangulia. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulihitimisha kwamba kilichoanzisha tukio, kwa uwezekano mkubwa, ni kupasuka kwa mwili wa mlima wenyewe. Magma haikuhitaji kupanda kutoka kina kirefu. Ilikuwa imeshafika, imekaa juu kwa miaka 19, na siku ukuta uliposhindwa ilitoka.

Kwa mtazamo huo, hata neno letu la mlipuko linapotosha kidogo. Hakuna kilicholipuka usiku ule kwa maana ya kishindo na majivu kurushwa juu. Ilikuwa ni kumwagika. Tofauti hii si ya msamiati tu. Kitu kinachojiandaa kulipuka huongeza shinikizo, na shinikizo hupimika. Ukuta uliochoka hausemi chochote hadi dakika unapoachia.

Sasa turudi kwenye siku zilizofuata. Kuanzia Jumapili, tarehe 23, matetemeko yalianza kuitikisa Goma na Gisenyi ya upande wa Rwanda, mamia kwa mamia, mengine yakizidi ukubwa wa 4. Nyumba zilianguka. Nyufa zilifunguka katikati ya barabara, zikipita chini ya kuta za maduka na kutokea upande wa pili, na watu wakawa wanazitazama kwa kuinama, wakijaribu kuhisi kama kuna joto linalotoka ndani. Vitovu vya matetemeko vilikuwa vikihama: mwanzoni karibu na mlima, kisha chini ya mji, kisha chini ya ziwa. Mtu aliyezoea kusoma ramani za namna hiyo hakuhitaji maelezo marefu. Ukuta wa magma uliosimama wima, mwembamba kwa unene lakini mrefu, ulikuwa ukichana miamba kuelekea kusini. Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba ulifikia urefu wa kilomita 25 hivi, na kwamba sehemu yake ya juu ilikuwa chini ya mita 500 kutoka usoni mwa ardhi. Juu yake, ukijumlisha miji hiyo miwili pacha, waliishi watu zaidi ya milioni moja.

Alfajiri ya Alhamisi, 27 Mei, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Luteni Jenerali Constant Ndima, aliamuru kuhamishwa kwa kata 10 kati ya 18 za Goma. Jimbo lilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu mapema mwezi huo kutokana na hali ya usalama, kwa hiyo amri ilikuja kwa sauti ya kijeshi, na ilitekelezwa kwa msongamano mkubwa. Watu wapatao 400,000 waliondoka. Wengi walikwenda Sake, mji mdogo usio na maji wala vyoo vya kuwatosha. Wengine walivuka kuingia Rwanda, wengine walipanda mashua kwenda Bukavu. Vifo vinavyohesabiwa katika tukio zima, vipatavyo 32, havikutokana na lava peke yake. Baadhi vilitokea kwenye ajali za barabarani wakati wa kukimbia usiku wa kwanza, na baadhi ni vya watu waliojaribu kuvuka juu ya lava iliyokuwa ikipoa wakazidiwa na gesi. Shirika la UNICEF liliripoti watoto zaidi ya 150 waliotenganishwa na familia zao.

Kwa kuwa lava haikutoka tena, wapo waliosema baadaye kwamba uhamisho ule ulikuwa mateso ya bure. Siafikiani nao. Tarehe 27 hakuna aliyeweza kusema kama ukuta ule wa magma ungesimama au ungepanda nusu kilomita iliyobaki. Kama ungepanda katikati ya mji, nyufa zingefunguka ndani ya mitaa yenyewe, na muda wa kukimbia ungekuwa dakika, si saa. Kama ungekutana na maji yaliyo chini ya ardhi au na ziwa, maji yangegeuka mvuke ghafla na kurusha mawe. Kilima cha Mont Goma, kilicho ufukweni kabisa kando ya bandari, ni koni iliyozaliwa kwa namna hiyo hiyo, yaani eneo hilo limewahi kulipuka kweli kweli.

Na chini ya yote kulikuwa na Kivu yenyewe. Ziwa hilo lina kina cha mita 485 mahali penye kina kirefu zaidi, na katika tabaka zake za chini, ambazo ni nzito kwa chumvi na hazichanganyiki na za juu, kumeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani. Gesi hizo hukaa huko kwa sababu ya shinikizo la maji, kama gesi inavyokaa ndani ya chupa ya soda iliyofungwa. Ziwa Nyos la Kamerun, ambalo ni dogo mno kulinganisha na Kivu, lilifunguka namna hiyo mwaka 1986 na kuua watu 1,700 hivi kwa usiku mmoja. Mwaka 2002 lava iliingia Kivu kutokea juu bila kuziamsha tabaka za chini, jambo lililowatuliza wengi. Lakini ukuta wa magma unaopita chini ya sakafu ya ziwa ni swali tofauti, kwani joto lake lingeweza kuanzia chini, penye gesi. Mwenye mamlaka aliyekuwa na ramani hiyo mezani, akakaa kimya, ndiye angestahili lawama.

Kinachoweza kulaumiwa kwa haki ni mahali watu walikopelekwa. Barabara ya Goma hadi Sake hupita katika eneo ambalo kabonidayoksaidi hutoka ardhini yenyewe, kimya, kupitia nyufa za zamani. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama kwenye mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaanza, na haina harufu wala rangi. Wenyeji huiita mazuku, upepo mbaya, na wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua neno hilo kama lilivyo, wakaliandika katika majarida yao bila kulitafsiri. Mtu mzima akisimama anaweza kupita asidhurike, huku mbuzi aliyekuwa mbele yake akianguka, kwa sababu pua ya mbuzi iko ndani ya gesi na ya mtu iko juu yake. Ukimlaza mtoto chini mahali kama hapo, kimo chake ni kimo cha mbuzi. Kuwapeleka makumi ya maelfu ya watu wakalale nje pembezoni mwa barabara hiyo, bila kuweka alama kwenye mabonde, ni kosa ambalo halihitaji kipima-mitetemeko kuligundua. Mzee yeyote wa huko angelieleza.

Matetemeko yalianza kupungua mwishoni mwa Mei, na mapema Juni serikali iliruhusu watu warudi kwa awamu. Kileleni, ziwa la lava lilikuwa limetoweka, na sakafu ya kreta ilikuwa imeporomoka ikaacha shimo refu. Barabara ya Rutshuru ilifunguliwa tena kwa kuchonga njia juu ya lava iliyokuwa bado na joto ndani, na maji yalichukua muda zaidi kurudi, kwa kuwa tangi kubwa lililokuwa likihudumia mji liliharibiwa.

Upande wa sayansi, kazi iliyobaki ni ngumu kuliko kununua vifaa. Kama mlima huu unaweza kupasuka bila kutangulia kutetemeka, basi kinachopaswa kufuatiliwa ni kiasi cha magma kilichohifadhiwa juu na hali ya kuta zinazokizuia: kimo cha ziwa la lava mwezi kwa mwezi, kasi ya kupanda kwa sakafu ya kreta, matundu mapya kama lile lililofunguka mwaka 2016 kando ya ziwa la lava. Vipimo hivyo havitoi tarehe. Vinachoweza kutoa ni kiwango cha hatari kinachopanda polepole kwa miaka, na hilo ni onyo ambalo mji hauwezi kuliitikia kwa kukimbia. Unaliitikia kwa kuamua wapi pasijengwe. Nyufa za 2002 na 2021 zilielekea kusini, zikifuata mhimili ule ule wa Bonde la Ufa unaoiunganisha Nyiragongo na Goma, na Munigi na Buhene ziko kwenye mhimili huo.

Miezi michache baada ya watu kurudi, mng'ao ulionekana tena ndani ya kreta.